Nakshi za milango ya Pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikitembea na watu Mji Mkongwe wa Unguja au kwenye vichochoro vya Lamu, maswali huwa yale yale, na majibu wanayopewa mara nyingi ni ya kubuni. Hapa nimejibu yale ninayoulizwa zaidi, kwa kadiri nilivyojifunza kwa mafundi wenyewe na kwa kuitazama milango kwa miaka. Maswali mengine yana majibu mafupi. Mengine nimeshindwa kuyafupisha.

Nakshi ni nini hasa? Ina tofauti gani na kuchonga vinyago?

Nakshi ni urembo unaokatwa juu ya uso wa kitu: mbao, jiwe, fedha, shaba au pembe. Kitu chenyewe kinabaki na umbo lake. Mlango unabaki mlango, sinia linabaki sinia. Mchonga vinyago anatoa umbo kutoka ndani ya gogo zima, lakini fundi wa nakshi ana kina cha nusu inchi tu cha kuchezea, pengine pungufu, na humo ndani lazima apate ua, jani, mnyororo na kivuli cha kila kimoja.

Watu huchanganya pia nakshi na njumu. Njumu ni kupachika kitu kingine ndani ya mbao, kama fedha, mfupa au pembe. Ukiona kiti cha enzi cha Lamu chenye vipande vyeupe vilivyolazwa ndani ya mbao nyeusi, hiyo ni njumu. Fundi hodari wa zamani aliziweza zote mbili.

Ufundi huu ni wa Waarabu, wa Wahindi au wa Waswahili?

Hili ndilo swali linaloniuma zaidi, kwa sababu anayeuliza mara nyingi ameshaambiwa jibu: kwamba milango ililetwa na Waarabu wa Oman, na kabla yao Pwani haikuwa na kitu.

Tazama Kilwa. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya mbao ya Kilwa kuwa imechongwa vizuri na imeungwa kwa ustadi mkubwa. Wakati huo utawala wa Oman huku kwetu ulikuwa bado haujazaliwa. Nyumba za Kilwa zilikuwa na milango ya nakshi karibu miaka 300 kabla Sayyid Said, sultani wa Oman, hajahamishia makao yake Unguja.

Hata hivyo, siwezi kukwambia kwamba ni ufundi wa Waswahili peke yao bila mkono wa mtu mwingine. Pwani ni mahali pa majahazi. Mbao za msaji zilikuja kutoka India, na mafundi wa Gujarat walikuja na maua yao na mapambo yao ya miraba. Waomani walileta mapenzi ya maandishi ya Qurani juu ya kizingiti. Wabajuni wa visiwa vya kaskazini mwa Lamu na watu wa Siyu, kisiwani Pate, walikuwa na nakshi zao za mistari na pembe, zisizofanana na za mtu yeyote. Fundi wa Pwani alivipokea vyote hivyo akavigeuza vyake, kama lugha yetu ilivyofanya na maneno. Mtu akikwambia mlango wa Unguja ni wa Kiarabu, muulize kwa nini kule Arabuni hakuna wa kufanana nao sawasawa.

Ni wa zamani kiasi gani?

Mbao huoza, huliwa na mchwa, na nyumba huungua. Kwa hiyo ushahidi wa zamani zaidi tunaupata kwenye jiwe. Nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, uingie kwenye msikiti ule mdogo ambao kwa nje hauonyeshi makuu. Jengo lilitengenezwa upya karne ya 18, lakini kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na mwaka umeandikwa: 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Vichwa vya herufi vimetolewa majani na mashina, kana kwamba maandishi yanachipua. Nilipoyaona mara ya kwanza nilikaa chini, sikuwa na la kusema. Mkono uliokata herufi zile ulikuwa umekwisha kubobea. Mtu haanzi kujifunza kwa kazi kama ile.

Gede, upande wa Malindi, kuna kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, sawa na 1399. Na siwa ya Pate, ile baragumu ya pembe za ndovu yenye urefu unaopita mita 2, imetiwa nakshi na mkono usiotetemeka. Inatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Mbona basi milango mingi tunayoiona ni ya karne ya 19?

Fedha. Karafuu, pembe za ndovu na, lazima tuseme, biashara ya watumwa, ziliwatajirisha wafanyabiashara wa Unguja, na tajiri alitaka mlango. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliona kwamba heshima ya mwenye nyumba ilipimwa kwa ukubwa wa lango na uzito wa kufuli lake. Wazee husimulia kwamba mlango ulisimamishwa kwanza, nyumba ikajengwa kuuzunguka.

Milango ya mwanzo wa karne hiyo ina kizingiti cha juu kilichonyooka, na nakshi zake ni nzito na chache. Ukiona upinde wa nusu duara uliojaa maua na majani, mlango huo kwa kawaida ni wa baadaye, kuanzia zama za Sultan Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888. Mkono wa India unaonekana zaidi humo.

Sehemu za mlango zinaitwaje?

Mihimili miwili ya pembeni ni miimo. Chini na juu ni vizingiti, na kizingiti cha juu ndicho hubeba nakshi nzuri kuliko zote na maandishi. Mlango una mbawa mbili, na ule mhimili wa katikati unaoziba mwanya wao ni mfaa. Mfaa haukupigiliwa kwenye fremu. Umeshikamana na ubawa mmoja na hufunguka nao. Kufuli au mnyororo hupita kwenye tumbuu, na ndani kuna komeo.

Milango mingi ya zamani haina bawaba. Kila ubawa una kichwa cha mti juu na chini, kinachozunguka ndani ya tundu. Ndiyo maana mlango mkubwa wa Mji Mkongwe hulia ule mlio mzito, na ndiyo maana unaweza kusukumwa na mtoto.

Kila nakshi ina maana yake? Ni kweli mnyororo unaonyesha nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa?

Hili la mnyororo wageni huambiwa kila siku, na huondoka wamelia. Lakini mnyororo umezunguka milango ya watu wa kila aina, wakiwemo wasiojulikana kwa biashara hiyo. Ukitazama umekaa wapi, unakuta daima uko ukingoni, umeizunguka fremu yote bila kukatika. Mimi nausoma kama ulinzi: kitu kinachofunga nyumba isiingiliwe. Utumwa ulikuwepo na ni aibu kubwa ya historia yetu. Una mahali pake pa kuoneshwa, na hauhitaji kubuniwa ushahidi kwenye kila mlango.

Nakshi nyingine maelezo yake yamezoeleka. Samaki chini ya mwimo husemwa kuwa ni riziki na uzazi, maana huzaa kwa wingi. Majani ya mtende ni neema. Yungiyungi na waridi vilikuja na mafundi wa India na vikapata uraia. Mistari ya mawimbi mwenye chombo ataielewa bila kuelezwa. Lakini fundi akiulizwa kwa nini ameweka waridi pale, mara nyingi atakujibu kwamba nafasi ilitaka kitu cha duara. Jibu hilo ni zuri na la kweli, nalo nalipenda kuliko yote.

Vile vichwa vya shaba vilivyochongoka ni vya kuzuia tembo?

Asili yake ni India, na huko ndiko habari ya tembo inakotoka: lango la ngome liliwekewa miiba ili tembo wa vita asilisukume kwa kichwa. Unguja hakukuwa na tembo wa vita. Hapa miiba hiyo ilikuwa pambo, na tajiri aliing'arisha.

Nitasomaje tarehe iliyo juu ya mlango?

Angalia kizingiti cha juu, katikati au mwishoni mwa maandishi. Utakuta tarakimu za Kiarabu, na mwaka ni wa Hijria. Kuugeuza, zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mlango ulioandikwa 1300: 1300 mara 0.97 ni 1261, ukiongeza 622 unapata 1883. Jaribu na mwaka 500 wa Kizimkazi uone unapata ngapi. Hesabu hii inaweza kukosea mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo haulingani na wa jua.

Angalia pia jina. Wakati mwingine utakuta la mwenye nyumba, na aya ya Qurani au dua ya kuwalinda wanaoingia na kutoka.

Mlango wa Lamu na wa Unguja vina tofauti gani?

Wa Unguja unajionyesha, wa Lamu unanong'ona. Mlango wa Lamu mara nyingi ni mdogo zaidi, kizingiti chake kimenyooka, na nakshi zimekatwa kwa kina kifupi: miduara iliyogawanywa kwa bikari, nyota na mistari inayopishana. Kule Siyu na kwa Wabajuni utakuta nakshi za kuchanja, pengine zikiwa zimepakwa rangi nyekundu na nyeusi.

Huwezi kuizungumza Lamu bila kumtaja Muhamadi Kijuma, aliyefariki 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mwanamuziki na fundi wa nakshi. Wazungu waliotafuta tenzi za Kiswahili walimwendea awanakilie, na tenzi nyingi tulizonazo leo zilipita mkononi mwake. Milango yenye mtindo wake bado inaitwa kwa jina lake. Nikiitazama naona mtu mmoja kwenye herufi na kwenye mbao: mkunjo wa herufi *wau* yake na mkunjo wa jani lake ni mkono ule ule.

Ufundi huu ulikaribia kufa? Ulifikaje huko?

Ulikaribia sana. Karne ya 20 ilipoanza, fedha za karafuu zilikuwa zimepungua na mitindo ya nyumba imebadilika. Mlango wa mbao laini wenye vioo ulikuwa rahisi na ulionekana wa kisasa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka au waliondolewa. Nyumba zikagawiwa watu wengi ambao hawakuwa na uwezo wa kuzitengeneza. Paa likivuja, ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji, na ukuta ukianguka mlango hubaki umesimama peke yake au hubebwa. Mingi ilibebwa. Ilipelekwa Bara, Ulaya na Ghuba, ikawekwa ukutani kama picha, na mingine ikageuzwa meza.

Lakini kupotea kwa milango halikuwa pigo kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi lilikuwa kwamba hakuna aliyeagiza mipya. Fundi asiye na oda hana cha kumpa mwanafunzi, kwa maana nakshi haifundishwi kwa maneno. Mwanafunzi hukaa karibu na kazi ya kweli ya mtu wa kweli, mwaka baada ya mwaka. Vijana wakaenda kufunga madirisha ya aluminiamu, na nani angewalaumu?

Nani aliufufua?

Hakuna mtu mmoja. Zanzibar, Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na kazi ya kutengeneza majengo ikahitaji mikono. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipolitengeneza lile jengo la zahanati ya zamani mbele ya bahari, lenye roshani zilizojaa nakshi, mafundi wa hapa walipata mafunzo kazini. Jengo lile lilijengwa kwa fedha za Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri wa Kihindi, kuanzia 1887, na kila nguzo yake ni darasa. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu 2001. Baada ya hapo hoteli zikataka milango, na wageni walionunua nyumba Shela, karibu na mji wa Lamu, wakataka milango.

Hoteli ziliokoa mikono, na kwa hilo nazishukuru kwa dhati. Lakini mteja wa hoteli anataka mlango ule ule aliouona kwenye picha: upinde, waridi, miiba ya shaba. Nakshi za kuchanja za Wabajuni haziagizwi. Mlango mnyenyekevu wa Lamu hauagizwi. Fundi anaweza kufanya kazi miaka 20 akarudia michoro minne. Ndiyo maana furaha yangu kubwa huwa pale ninapomsikia mwalimu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, au nahodha wa Matondoni, Lamu, ameagiza mlango wa nyumba yake mwenyewe, hata kama ni kizingiti tu chenye nakshi na mengine yote mbao tupu. Huyo ndiye anayekuja na mchoro wa bibi yake. Huyo ndiye anayemlazimisha fundi akumbuke.

Na lile pigo la Beit el-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, lililoanguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, lilitukumbusha wote kwamba jengo halitungoji tuwe tayari. Ndani yake mna milango mikubwa yenye maandishi ya Qurani. Kazi ya kulisimamisha tena inahitaji mafundi wa aina hii hii tunayoizungumzia.

Fundi anaanza wapi na kumaliza wapi?

Nitakueleza nilichokiona kwenye karakana moja ya Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Fundi, mzee wa makamo, alikuwa amekaa chini juu ya mkeka, mwimo umelala mbele yake, wayo wa kushoto umeubana. Mbele kulikuwa na kitambaa chenye patasi kama kumi na tano, nyingine amezitengeneza mwenyewe kwa tupa chakavu. Nyundo yake ilikuwa kipande cha mti tu.

Kwanza alipiga mstari wa katikati kwa uzi. Halafu bikari: duara, na bila kubadilisha upana wa bikari akaweka ncha juu ya duara na kukata pinde sita, likatokea ua lenye petali sita. Hakupima kwa rula hata mara moja. Waridi la pili likafuata, na la tatu, na nafasi kati yao zikawa sawa.

Kisha akachukua patasi iliyonyooka akaisimamisha wima juu ya mstari na kuigonga: tok, tok, tok, akilizunguka ua lote. Hiyo ni kukata mpaka, ili kipande kikiruka kisivuke. Baada ya hapo akashusha ardhi, yaani akaondoa mbao iliyo nje ya ua mpaka ua likabaki juu. Hapo ndipo kuna jasho. Halafu patasi ya mviringo, na sasa hakugonga tena. Alisukuma kwa kiganja, akiliinamisha kila petali kuelekea katikati. Kivuli kikaingia. Kabla ya hapo lilikuwa mchoro, na sasa lilikuwa ua.

Alinipa patasi nijaribu kwenye kipande kilichotupwa. Nikasukuma, mbao ikapasuka kwa urefu.

"Usiende kinyume cha nyuzi, mwanangu," akasema. "Geuka wewe, mti haugeuki."

Nikahamia upande wa pili wa ubao, nikakata kutoka huko, na unyoya wa mbao ukajikunja juu ya patasi bila kukatika.

Msasa aliutumia kidogo sana. Alisema msasa unakula kona, na kona ndizo zinazoshika kivuli.

Mbao gani zinafaa?

Mbambakofi ndio mti wa wazee wa Pwani: mgumu, mzito, unastahimili hewa ya chumvi. Msaji ni mwanana kwa patasi na mchwa hawaupendi. Mninga una rangi nzuri na hautanuki sana, na leo ndio unaoagizwa zaidi. Mfenesi ni wa bei nafuu, wa manjano ukiwa mpya na wa kahawia ukizeeka, na wanafunzi wengi huanzia huko. Mvule nao upo, ingawa nyuzi zake hupishana na humsumbua fundi. Mpingo uachie vinyago na ala za muziki. Mlango wa mpingo hakuna atakayeubeba.

Kuliko aina ya mti, uliza umekaushwa muda gani. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi ya unene.

Nitatambuaje kazi ya mkono na ya mashine?

Siku hizi zipo mashine zinazoongozwa na kompyuta, na ziko kwenye karakana nyingi za mijini. Sizichukii. Ila mwenye kuuza anapaswa kusema.

Chukua tochi, iweke pembeni mwa nakshi ili mwanga ulale. Tazama kona za ndani, pale petali mbili zinapokutana. Keke ya mashine huzunguka, kwa hiyo kona zake nyingi huwa na kijiduara kidogo, na ardhi yake ni tambarare kama meza. Patasi huingia mpaka ndani kabisa ikaacha kona kali, na ardhi yake ina mawimbi madogo unayoyasikia kwa kidole kabla ya kuyaona. Kisha linganisha maua mawili. Ya mashine ni pacha. Ya mkono ni ndugu.

Nataka kuagiza mlango mpya. Nizingatie nini?

Nenda karakana mwenyewe, uone kazi iliyo nusu. Kazi iliyokamilika imepakwa vanishi na inaficha mengi.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Mlango wangu wa kwanza niliuagiza kwa simu, kwenye karakana ambayo sitaitaja, nikatumiwa picha nzuri, nikalipa yote. Ulikuwa wa mninga mbichi. Kaskazi ya kwanza ilipovuma, mwimo wa kulia ulipinda na ufa ukapita katikati ya waridi, kutoka ukingo hadi ukingo. Nakshi yenyewe ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililonihuzunisha: kazi ya wiki nzima za mtu, imeharibiwa na haraka ya kukausha mbao.

Basi kubaliana kwa maandishi aina ya mbao na ukavu wake, kina cha nakshi, nani atachonga (fundi mkuu au wanafunzi), na malipo kwa awamu. Leta mchoro wako. Piga picha mlango wa mtaa wako, hata uliochakaa, umuulize fundi kama anaweza kuufuata. Na mpe muda. Mlango kamili wa mkono huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na anayekuahidi siku kumi ana mashine au ana mbao mbichi.

Je, naweza kununua mlango wa zamani?

Nakuomba usinunue. Kwa upande wa sheria, Kenya imeeleza wazi: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inaihesabu milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa vitu vinavyolindwa. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango ya aina hiyo iliyochongwa kabla ya 1940. Zanzibar ina taratibu zake, na ni lazima kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kung'oa chochote.

Fedha utakayompa dalali wa mlango wa zamani ingemlipa fundi aliye hai na mwanafunzi wake kwa miezi.

Nina mlango wa urithi nyumbani. Niutunzeje?

Ondoa vumbi kwa brashi laini kavu, kamwe usitumie maji ya bomba wala brashi ya chuma. Paka mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa, yaache yanywewe, kisha futa yaliyobaki. Mara moja kwa mwaka inatosha. Vanishi nzito na rangi ya mafuta huziba nakshi, na unyevu ukinaswa ndani mbao huoza kimyakimya. Chunguza kizingiti cha chini, maana mchwa huanzia hapo. Kipande kikivunjika, kihifadhi hata kiwe kidogo kama ukucha. Fundi anaweza kukirudisha.

Na nakshi za fedha na shaba je?

Hizo ni za masonara, nazo zina kalamu yao: chuma chenye ncha kali kinachosukumwa kwa kiganja, kikiondoa uzi mwembamba wa madini. Lamu bado utakuta masonara wanaotia nakshi pete za fedha. Oman, ufundi wa jambia uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2022, na fedha inayofunika ala yake ni kazi ya aina hii.

Ulaya kalamu hiyo hiyo ilizaa jambo jingine: masonara walijaza wino kwenye mistari waliyoikata, wakakandamiza karatasi, na picha ya chapa ikapatikana. Albrecht Dürer, mwana wa mfua dhahabu wa Nürnberg, aliipeleka mbali kuliko wote. Mwingereza Thomas Bewick, aliyejifunza kwa mchoraji wa madini mjini Newcastle, alizitumia kalamu hizo kwenye mbao ngumu zilizokatwa kukingama nyuzi. Mashine zilipokaribia kuimaliza kazi ya aina hiyo, wapenzi wa ufundi huo waliunda chama London mwaka 1920, nacho kingali hai. Huwa nawapa mfano huo vijana wetu wanaodhani kufufua ufundi ni jambo la Afrika peke yake.

Nataka kujifunza, lakini siishi Pwani. Nianzeje?

Tafuta seremala yeyote aliye karibu akufundishe kitu kimoja kwanza: kunoa. Patasi butu huponda mbao na humjeruhi mtu, kwa sababu unailazimisha. Ukiweza kukata nywele za mkono kwa patasi yako, uko tayari.

Nunua patasi tatu tu, moja iliyonyooka na mbili za mviringo, pamoja na bikari na kipande cha mfenesi au mkangazi kikavu. Chora ua la petali sita kama nilivyoeleza. Kata mpaka, shusha ardhi, inamisha petali. Fanya hivyo mara ishirini kabla hujagusa mchoro mwingine. Ukipata nafasi ya kwenda Lamu, Unguja au Bagamoyo, nenda na ubao wako mkononi. Fundi hatakuuliza umesoma wapi. Ataupokea, ataupitisha kidole, na atajua ulikosea wapi na kwa patasi gani.

Ubao wa kwanza usiutupe. Ugeuze, na nyuma yake ukate mwaka, wa Hijria na wa Miladia.